Mvua Niliyoitangaza

Jumamosi, 1 Novemba 2003

Asubuhi mawingu mepesi upande wa ziwa. Upepo kidogo. Kopo la kupimia mvua – kavu.

Kipindi kimekwenda salama. Zaidi ya salama! Kapu la Jumamosi la leo: habari za wiki (bei ya pamba, tena), minyoo kwa watoto, kisha sayansi – mvua za vuli. Mgeni kwa simu kutoka Mwanza, bwana Constantine, mstaafu wa mambo ya hali ya hewa. Anaongea kama mtu anayesoma risiti. Upo uwezekano wa mvua za wastani hadi juu ya wastani katika baadhi ya maeneo. Akarudia. Akarudia tena. Nancy, ambaye anashika mitambo na habari za wasanii, alipiga miayo nikamwona kwenye kioo. Nikajua na huko nje wanapiga miayo. Halafu simu ikakatika, hajamaliza. Kimya hewani! Basi nikafunga mwenyewe, kwa Kisukuma, sentensi moja tu: mvua inakuja, shikeni majembe.

Sijui ilitoka wapi. Leseni inasema Kiswahili au Kiingereza, basi. Lakini simu zilizoingia baada ya hapo! Kasmiri, mlinzi wetu, alitoka getini akaja mpaka dirishani kunipungia mkono. Bosi Januarius – redio ni yake, kama kinu cha pamba kilivyo chake – alisema nisirudie. Alikuwa anacheka.

Nimeshindwa kukaa. Nimefagia chumba ambacho kilikuwa safi.

Jumapili, 2 Novemba

Jua tangu alfajiri.

Marudio ya kipindi. Nancy alitakiwa kukata ile sentensi, anasema alisahau. Nimejisikiliza. Kwa Kiswahili nina sauti ya shule. Kwa Kisukuma nina sauti ya marehemu mama.

Baada ya misa wanawake watatu wamenisalimia, "Mwangaluka," na kupiga goti kidogo. Mimi! Mmoja ananizidi umri mara mbili. Sikupenda.

Nilipenda kidogo.

Jumanne, 4 Novemba

Asubuhi mawingu mazito, joto la kunata.

IMENYESHA. Alasiri, kwa nguvu, kisha ikaacha. Kopo: milimita saba. Nimepima, nikapima tena. Wachuuzi wote wa sokoni wamesimama kunipigia makofi nilipopita na mwavuli. Nimewaambia siyo mimi, ni Bahari ya Hindi. Wamecheka sana.

Alhamisi, 6 Novemba

Jua. Anga nyeupe.

Kasmiri ameniita getini, kuna mgeni. Bibi mmoja, Bibi Kija, ametoka Kimali kwa lori la mahindi. Kwapani ana kuku mweusi. Mweusi wote, hana hata unyoya mmoja wa rangi nyingine. Aliyekulia huku hahitaji kuelezwa. Mweusi ni wa mvua.

– Wewe ndiye ng'wana Mhoja wa redioni?

– Ndimi, mayu. Mhoja ni baba yangu.

– Mdogo hivi?

Akanizunguka kunitazama, kama ng'ombe wa mnadani. Akasema Mwamanyili kwenu wamepata, hapa Bariadi mmepata, Kimali hata tone. Au mpaka mtu aje mwenyewe kuiomba?

Nikamkalisha kwenye benchi nikamweleza. Pepo, joto la bahari, mawingu yanavyosukumwa. Nilieleza vizuri, nadhani. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa. Kisha akasema, sawa ng'wanone, mwanangu, nimeelewa, ila usitusahau. Akamweka kuku chini akaenda zake. Nimemwambia Kasmiri amkimbilie bibi stendi ya malori amrudishie. Ameitikia, ndiyo sista.

Jumamosi, 8 Novemba

Jua. Kopo kavu. Upepo wa vumbi.

Kipindi: vyandarua, na ugomvi wa wasanii wawili wa Dar ambao Nancy anaujua kuliko wenyewe. Kila aliyepiga simu kauliza mvua tu. Hata wa chandarua.

Jioni kaka Mabula kafika kwa baiskeli kutoka nyumbani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba amepanda. Pamba yote na mahindi yote, kwenye udongo mkavu, siku ileile ya sentensi yangu. Wa kwanza kijijini! Redio alikuwa ameipandisha juu ya kichuguu ili ishike mawimbi, watu wamejaa. Nilipomaliza tu akaifunga na kwenda kuwafunga ng'ombe nira. Wengine wakafuata.

Imeota? Nikauliza. Imeota, kasema Mabula, ile mvua ya Jumanne imeiotesha yote, majani mawili mawili. Kijani mpaka kwenye mlima.

Sikumwambia kwamba milimita saba ni za kuotesha tu. Hazitoshi kulea.

Jumatano, 12 Novemba

Jua.

Nimemuuliza Kasmiri kama bibi alimpokea kuku wake.

– Kuku gani, sista?

Kisha: lori lilikuwa limeshaondoka. Kisha: kuku mwenyewe alikuwa ananona bure hapo getini. Amemla! Jumapili, na ugali. Na mimi aliniwekea paja, sikutokea, ikabidi alimalize.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha. Kuku alipokelewa. Kuku ameliwa. Kwa watu wa Kimali, mla kuku ni mimi.

Jumamosi, 15 Novemba

Jua kali. Mawingu matatu saa nne, yakapotea kama yameitwa kwingine.

Mpiga simu wa kwanza, mwanaume, sauti ya upole: Dada Benedikta, sisi tulikuletea kuku. Umekula. Sasa mbona mvua umeifunga?

Hewani! Nancy akaweka muziki haraka, akakosea, akaweka tangazo la dawa ya meno. Tulitazamana kwenye kioo. Wa pili hakuuliza kitu, alisema tu mtama wake umekauka, na kwamba anajua ninamsikia.

Bosi amekuja na shati la kinuni, pamba kwenye nywele. Marufuku Kisukuma. Marufuku mvua. "Wiki ijayo zungumza meno. Meno hayana msimu."

Usingizi hakuna. Nimekwenda dirishani, nimerudi, nimekwenda.

Jumatano, 19 Novemba

Jua.

Mabula tena. Safari hii hakutaka hata maji kwanza.

Mimea imekufa. Siyo kunyauka, imekufa, unaigusa inavunjika. Juzi dagashida limekaa – baraza la kijiji zima, wanaume wote wamo – na wazee wa Kimali walituma watu, na habari ya kuku imesemwa. Uamuzi: mimi niliyeifunga mvua kwa mdomo niirudishe kwa mdomo, kwa redio ileile, kwa lugha ileile. La sivyo baba atoe dume jeusi lichinjwe. Lile la kulimia! Hana lingine la kufunga nira na litakalobaki. Mvua ya kweli ikija atalima na nini? Na asipolitoa atatengwa: hakuna wa kumsaidia palizi, hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumzika.

Nikasema, baba ana hasira na mimi?

 Mabula akasema alimuuliza baba kwa nini alipanda kavu, yeye mtu mzima, anayeijua ile ardhi. Baba akamjibu hivi: mtoto wangu kaitamka mbele ya nchi nzima, kwa lugha yetu. Nikae nitazame wengine watafanya nini? Wangesema hata baba yake hamwamini.

Kumbe hakupanda kwa ajili ya mvua.

Sikuweza kula. Mabula amekula sehemu yangu pia.

Ijumaa, 21 Novemba

Asubuhi jua. Jioni joto la ajabu, halina pumzi.

Nimempigia bwana Constantine. Mimi nilisema uwezekano, akasema kabla sijamaliza salamu. Ni kweli, alisema hivyo. Nikauliza, na sasa? Wikiendi hii huenda kukawa na kitu kutoka ziwani. Huenda kusiwe na kitu. Nikasema asante.

Nimepanga maneno. Nikisema kwa Kisukuma "mvua njoo," dume linapona. Ni sentensi moja tu. Lakini nitakuwa nimesema mbele ya watu wote kwamba mvua ni yangu, na kila kuku mweusi wa wilaya hii ataletwa getini. Nikikaa kimya, nikaongelea meno, baba analipa. Nancy anasema sema tu, shoga, wewe unataka kufa na usahihi wako?

Jumamosi, 22 Novemba

Asubuhi mawingu ya kijivu, chini, hayatembei. Kopo kavu.

Bosi alikaa studio tangu mwanzo, kwenye kiti cha mgeni. Nikasoma habari za wiki. Nikasoma meno: mswaki wa mti, sukari, fizi. Nancy akaleta wasanii wake. Zikabaki dakika chache, na badala ya kuaga nikavuta maiki na kuanza kwa Kisukuma.

Niliwaambia mimi siyo mtu wa mvua. Kuku sikumla, lakini aliliwa getini kwetu, na kwa hilo naomba radhi kwa Bibi Kija. Mtaalamu alisema labda. Kisukuma kina neno la labda, ninalijua tangu utotoni. Sikulitumia kwa sababu sentensi ilikuwa tamu bila hilo. Baba yangu hana kosa. Alimwamini mtoto wake, basi. Msipande tena mpaka udongo ulowe kiganja kizima kwenda chini.

Bosi alinyanyuka. Nancy alikuwa na mkono kwenye kitufe, na hakukibonyeza. Yeye ndiye aliyekuwa analia, siyo mimi.

Simu ya kwanza baada ya hapo: mwanamke mzee, wa mbali, laini inakoroma. Bibi Kija! Ameazima simu ya misheni.

– Tumesikia, ng'wanone. Umerudisha.

– Mayu, sijarudisha kitu. Nimesema sina mvua.

– Ndiyo. Umeifungua. Tumesikia wote.

Akakata. Wa pili hivyohivyo, asante dada. Wa tatu alipiga makofi tu kwenye simu. Nilieleza tena. Kadiri ninavyoeleza ndivyo wanavyoshukuru!

Bosi alinisubiri mlangoni. Nilidhani atanifukuza. Alitazama juu kwanza, mawingu, kisha mimi. "Ikinyesha, uko kazini. Isiponyesha, leseni ni leseni, na mimi sikujui."

Jioni dereva wa basi kaleta maneno ya Mabula: wazee wameridhika, wanaingoja mvua mpaka Jumanne. Dume limefungwa kwenye nguzo, halijaguswa. Baba amekaa nalo.

Sasa upepo umegeuka, unatoka ziwani. Radi upande wa Mwamanyili, haina sauti bado. Ikinyesha, baba ana dume lake, na mimi nitakuwa mtu wa mvua mpaka nife, hakuna atakayekumbuka neno labda. Isiponyesha, nitakuwa nimesema kweli.

Nimelitoa kopo nje. Nikalirudisha ndani, kana kwamba nalo litaonekana linaomba. Nikalitoa tena.

Kitu kinagonga bati. Kimoja. Kimya. Kingine. Kumbikumbi, au matone – bado sijafungua mlango. Shuka nimejifunika mpaka masikioni, kama mtoto, na midomo yangu inataja dume, dume, dume. Siyo sala. Sijui ni nini.

Saa nane na robo usiku. Nazima taa.