Mjerumani Aliyeulizia Kaburi la Dani

Kaloleni, Kisumu.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Frankline,

Hujambo huko Hamburg? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Sisi hatujambo. Mafua yaliyoniangusha mwezi jana yameisha, mvua ya masika inachungulia na kurudi, na Dani, bibi yetu, ana nguvu zake zote. Hilo la Dani nalisisitiza. Utaona kwa nini.

Jumatano nilikuwa kwake Asembo Bay, tunaanua dagaa wa omena. Gari likasimama, akashuka Mjerumani mrefu ameshika maua. Mzungu na maua katikati ya harufu ya omena! Nikajua hapa kuna jambo. Alijitambulisha kuwa ni Bwana Henning, akanisalimu kwa adabu, kisha akaomba nimwonyeshe kaburi la Apiyo. Apiyo mwenyewe, Dani wetu, alikuwa hatua tatu kutoka kwake, anafukuza kuku.

Unanijua, mimi hata anayenisalimu mara mbili namchunguza. Kwanza nilimdhania mnunuzi wa ardhi, halafu mhubiri, halafu tapeli tu. Nilimhoji kama askari wa kituoni, na chai sikumpa mpaka alipomaliza kujieleza.

Kumbe anaandika kitabu juu ya Baroni Ottokar von Trebnow. Huyo alizaliwa katika nyumba ya vyumba arobaini, mtoto wa mabwana wakubwa, na baba yake akamkataza muziki, eti ni kazi ya watu wa kuajiriwa. Basi akawa mwanadiplomasia hadharani na mtunzi kwa siri. Alitumwa nchi hii na ile, na kila alipohamishwa alibeba sanduku la nyimbo alizoandika. Miaka ya sitini akaletwa ubalozini Nairobi. Wanadiplomasia wenzake walimwona mtu wa kuota ndoto kazini, wanamuziki nao wakamwona bwana mkubwa anayejifurahisha, kwa hiyo hakuna upande uliomtaka. Alikufa peke yake kwenye chumba cha kupanga, na jina lake likasahaulika. Hivi karibuni sanduku lake likapatikana. Kazi iliyo bora kuliko zote humo, anasema Bwana Henning, ni ya fidla moja tu, na juu ya karatasi Baroni ameandika kwa penseli: Apiyo, Asembo.

Sikuamini. Baroni na Dani, wapi na wapi? Nikamgeukia Dani nikitarajia acheke. Hakucheka.

"Si ni yule mzungu wa kuandika-andika," akasema. "Gari yake ilikwama kwa matope, siku ile tunalilia Ogola."

Ogola, kama nawe hukuwahi kuambiwa, alikuwa mtoto wake wa kwanza. Surua ilimchukua akiwa na miaka minne. Miaka yote hii nimekula kwa Dani na jina hilo sikuwahi kulisikia, na limeniuma.

Barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo mgeni akakaa siku tatu matangani. Alichota maji pamoja na wengine, kisha akaketi karibu na wanawake na daftari lake, akaanza kuandika nyimbo zao za kilio. Wanawake wakaamini ni karani wa serikali, amekuja kuandika watu wa kutozwa kodi. (Sasa najua shaka zangu nimezirithi wapi.) Mmoja baada ya mwingine wakanyamaza, wasije wakaandikwa. Dani peke yake hakunyamaza. Mtoto alikuwa wake. Bwana Henning aliposikia hayo alivua miwani. Anasema miaka mitatu amejiuliza kwa nini fidla ile inalia peke yake.

Hapo nikamhurumia, nikahamishia shaka zangu kwingine. Nani alimwambia kwamba Dani amekufa? Nilipomuuliza, Dani akiwa ameingia jikoni, akatoa karatasi ya Kijerumani, akanitafsiria taratibu kwa Kiswahili chake cha vitabuni. Inasema Apiyo ni marehemu, na kwamba mrithi wake anakubali wimbo utangazwe kuwa wa Baroni peke yake. Chini kuna sahihi. Frankline, sahihi yako naijua tangu ulipokuwa ukinisainia ripoti za shule badala ya Baba.

Labda waliokupa karatasi walikuharakisha. Labda hukuisoma. Nimekutafutia visingizio tangu Jumatano na hakuna hata kimoja kinachokaa. Nimekasirika, kaka, sikufichi. Bwana Henning ameahidi kuwa karatasi hiyo haitatumika, na kitabuni majina yatakuwa mawili. Nimemwandikisha ahadi hiyo na kuipiga picha.

Kabla hajaondoka alimwomba Dani amwimbie wimbo ule, kidogo tu, arekodi. Nawe unajua nyimbo za kilio haziimbwi ovyo, nyumba ikiwa salama. Dani akamgeukia.

"Nani amekufa, ndio niimbe?"

Mzungu wa watu akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeishika karatasi yenye jibu. Dani, ambaye hakusoma, akaiona mkononi mwangu na kuuliza inasema nini. Frankline, nilishindwa. Nilimwambia imetoka kwako, unamsalimu.

Shangazi Nasambu na mwanawe Enos wanakusalimu sana. Hawajui lolote, na mimi sitakuwa wa kuwaambia. Nisalimie mkeo na watoto. Mungu akulinde huko ugenini, na akupe ujasiri wa kushika simu umpigie Dani. Alifurahi mno kwa salamu zako. Karatasi ile aliichukua, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la leso yake, na kila anayepita anamwonyesha kwamba mjukuu wake amemkumbuka.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Jacinta