Bibi Yupi

Jumatano, 12 Machi

Maji yamekatika tena. Nimechota mferejini ndoo mbili kabla ya kazi, tope limejaa kwenye kandambili. Mwezi wa pili sasa tangu nitoke Nakuru kuja kujitolea katika zahanati hii ya mlimani. Sijaipenda, sijaichukia. Baridi ya asubuhi nimeizoea. Ndizi kila siku, bado.

Leo dukani nilisema "nipe sukari nusu", kama ninavyosema kwetu. Mwenye duka akanitazama tu. Njiani Mama Urio akanikumbusha kwamba huku mtu husema naomba. Yeye ndiye mganga mfawidhi wetu, na ndiye mwenye nyumba ninayokaa, kwa hiyo hana saa ya kupumzika kunifundisha adabu. Anasema kijiji kizima kinasema nesi Mkenya anatoa amri kama mwanajeshi, ila wanatii. Nikajibu kwamba wakitii inanitosha. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Ijumaa, 14 Machi

Kliniki ya wajawazito na ya wazee wenye presha, siku moja, chumba kimoja. Kelele tupu.

Aneth, mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Presha imepanda kidogo. Ameolewa kwenye nyumba ya juu kabisa, karibu na msitu. Mkimya. Nimemwambia apumzike, arudi Jumatatu. Alikuja na nyanya ya mumewe, ajuza mchangamfu ambaye naye ana presha yake ya miaka mingi. Huyo alizungumza kwa niaba ya wote wawili.

Jumatatu, 17 Machi

Aneth amerudi, peke yake. Presha iko juu sana. Miguu imevimba, mkojo una protini. Hiyo ni njia ya kwenda kwenye kifafa cha mimba, na hapa hatuna uwezo nacho. Lazima aende hospitali ya mjini.

Sikumwambia. Ana miaka ishirini na mbili, alikuwa ananitazama usoni akitafuta habari mbaya, nikaona nitamtisha bure. Nikamwambia apumzike, mengine nitaongea na mumewe. Anayetafuta usafiri ni mume. Sikuona sababu ya kusema jambo moja mara mbili.

Mume, Elibariki, nilimkuta jioni pale wanapoegesha bodaboda. Nilimwambia waziwazi: "Bibi yako ana presha mbaya sana. Mpeleke hospitali ya mjini kesho asubuhi, usingoje."

Sawa dada. Asante dada. Hakuuliza swali hata moja. Watu wa namna hiyo nawapenda.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mama Urio alisikia pikipiki ya Elibariki ikishuka alfajiri. Vizuri. Wagonjwa wachache. Nimefua, hakuna kilichokauka.

Jumatano, 19 Machi

Naandikia kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi nilimpigia Elibariki. Alikuwa kwa dada yake, Kimandolu, kulekule mjini. Akasema hospitali wamempima bibi, wamembadilishia dawa, wamemruhusu jana ileile. Nikapandwa na hasira. Mjamzito mwenye presha ile anaruhusiwaje? Nikataka jina la daktari. Elibariki, kwa upole wake wote, akasema daktari ameeleza kwamba kwa umri wake si mbaya.

"Umri gani? Ana miaka ishirini na mbili."

Nilisikia redio ya huko kwa dada yake.

"Dada, bibi ana themanini na kitu."

Kwetu bibi ni mke. Huku bibi ni nyanya. Nilijua. Kila siku watoto wanapita wakimwamkia Mama Urio, shikamoo bibi, nami nasikia. Kichwa kilijua. Mdomo ulibaki Nakuru.

Tulipanda kwa miguu mpaka kwa Aneth, mimi na Mama Urio, kwa sababu pikipiki haikuweza utelezi ule. Nilianguka mara nyingi. Aneth alikuwa amelala sakafuni jikoni, kichwa kinampasuka, anaona vimulimuli. Mama Urio akamchoma sindano palepale. Majirani wakambeba kwenye blanketi mpaka barabarani. Mwenye pikapu alikuwa anapeleka ndizi sokoni. Alishusha mikungu yote majanini bila kuombwa mara ya pili. Tulipofika Tengeru, kabla ya kuingia mjini, degedege likaanza. Nilimshika kichwa, nikamgeuza ubavu. Nimefanya kazi hii miaka kumi, sijawahi kuogopa hivi.

Wamemwingiza chumba cha upasuaji. Elibariki amefika. Bibi yake naye amekataa kuachwa Kimandolu, ameketi hapa kando yangu. Ananishukuru kwa kumtuma kwa madaktari wakubwa. Amenishika mkono hajauachia.

Alhamisi, 20 Machi

Mtoto wa kike. Mdogo mno. Anapumua. Aneth hajazinduka.

Ijumaa, 21 Machi

Bado.

Mama Urio amepiga simu kuuliza. Hajanilaumu. Ningependa anilaumu, angalau ningejitetea. Elibariki ameninunulia chai na chapati. Nimekula kwa aibu.

Jumamosi, 22 Machi

Aneth amefumbua macho. Ameuliza kuhusu mtoto. Nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kupima presha. Imeshuka.

Jumapili, 6 Aprili

Wamerudi nyumbani juzi, mama na mtoto. Kijiji kimeshageuza jambo lile kuwa kichekesho. Mtu asiyekuwepo angedhani nilifanya makusudi kuwachangamsha.

Leo baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, mzee wa kanisa alinyanyua kuku akasema atakayemnunua akampikie bibi. Wanaume wote wakaitikia kwa pamoja: "Bibi yupi?" Watu wakashika mbavu. Elibariki alicheka kuliko wote, akamnunua kuku. Bibi mwenyewe alisimama akapunga mkono, maana sasa ni mtu mashuhuri, amepimwa moyo kwa mashine na hachoki kusimulia.

Nami nilicheka. Nilicheka sana. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyesamehewa na kila mtu kwa mpigo. Kwa mara ya kwanza nimejisikia mtu wa hapa. Jioni Mama Urio alinitania kwamba nimepata jina la kijiji sasa, na nitarudi nalo mpaka Nakuru.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeenda kumwona Aneth. Nilichukua sukari na kitenge. Mama mkwe alinikaribisha, akaniamkia kwa utani wa bibi yupi, kisha akatoka kukata majani ya ng'ombe. Tukabaki wawili, na mtoto.

Nilipima presha. Nzuri. Kidonda kinafunga. Nikasema maneno ya kawaida. Nikarudia ule utani wa mnadani, nikidhani naye atacheka.

Hakucheka. Alikuwa anamfunga mtoto vizuri kwenye shuka.

"Jumanne ile bibi nilimpigia kanga zake pasi," akasema. "Nikambebea mkoba mpaka barabarani. Kichwa kilikuwa kinaniuma, nikajua ni kawaida, maana dada ulinipima na hukusema kitu."

Nikaanza kukunja mkanda wa kipimo cha presha.

"Mimi ndiye uliyenipima. Mbona hukuniambia mimi?"

Nikasema sikutaka kumtisha.

"Ningetishika, nikaenda."

Alisema kwa sauti ya chini, bila ubaya, kama anayetaja bei ya kitu. Halafu akanipa mtoto nimshike, akasogeza bakuli lake la mtori, ile supu ya ndizi. Alikula taratibu mpaka akamaliza. Mvua ilianza, mama mkwe akarudi na mzigo wa majani, akauliza kama nimekaribishwa chai. Nikajibu bado. Mtoto alikuwa amelala, mzito kuliko nilivyotazamia.