Mtamba wa Ukame

Jumatano, 10 Februari 1999

Si angenyamaza tu. Kule soko la mifugo mume wangu alimkagua mtamba mmoja mweupe, akamkataa. "Mama yake alimbeba wakati wa ukame," akasema. "Hata umlishe vipi, hawafikii wenzake."

Alikuwa anazungumzia ng'ombe, najua. Lakini binti yetu Hodan alikuwa amesimama pale pale, anasikia. Ana miaka sita, na mdogo wake wa miaka minne ameshampita kimo. Kila kikohozi cha mjini kinaanzia kwake.

Mimba yake niliibeba ule ukame wa tisini na mbili, kwa uji wa msaada. Na hata huo sikuumaliza. Mama mkwe alisema mtoto akinenepa tumboni atanishinda kumzaa, nami nikaogopa, nikawa nabakiza nusu bakuli. Nusu bakuli, kila siku.

Tukirudi nyumbani Hodan akaniuliza, "Hooyo, mimi ulinibeba wakati gani?"

"Wakati wa mvua," nikamwambia.

"Nyasi zilikuwa ndefu?"

Nikamwonyesha kwa mkono, juu ya kichwa chake.