Mama Mkwe Ameshika Usukani

Bi Naima, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama hapa karakanani kwangu Majengo, maana siku hizi kukaa kumenishinda, na naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, naishi Izia na mke wangu Albina, ambaye amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na kama ilivyo kawaida mama yake alitoka Mpui akaja kumhudumia, kumkanda maji ya moto, kumpikia uji wa ulezi, na hayo yote aliyafanya vizuri sana, sina lawama.

Tatizo ni mashine ya gemu. Niliinunua mtumba kwa Hamidi, jirani yangu mwenye duka la vifaa vya umeme, kabla mtoto hajazaliwa, na ndani yake kuna gemu moja la maharamia, unakuwa nahodha, unazunguka visiwani kutafuta hazina na kupigana na meli za wengine, na mimi bahari yenyewe sijawahi kuiona kwa macho ila nikishika ile padi ya kuchezea najiona kama nilizaliwa humo. Basi jioni moja nimezingirwa, nazama, mara nasikia sauti mlangoni, "Baba, samahani, kuna nyingine inakuja kwa nyuma." Alikuwa mama mkwe, kashika chupa ya chai. Nikageuza meli, nikapona. Kesho yake akasimama tena palepale, akanionya tena, mwishowe nikaona si vizuri mtu mzima asimame mlangoni na baridi hii yetu ya kipupwe, nikamtandikia mkeka na kumpa padi ya pili.

Unajua mkwe ni mtu wa kuogopwa. Sisi tulivyolelewa huketi naye kochi moja, huli naye sahani moja, hata kupita mbele yake unainama. Na heshima tumeilinda, Bi Naima, yeye anakaa mkekani kajitanda kitenge, mimi nakaa kwenye kigoda karibu na mlango, hatutazamani, tunaongea na TV. Yeye anashika usukani, mimi niko kwenye mizinga. "Baba, naomba umpige huyo wa kulia." "Sawa mama, samahani, sogeza kidogo mbele." Na ana jicho mama yule, sijapata kuona, upepo ukitaka kugeuka anajua kabla yangu, anasema ni kwa sababu amepepeta ulezi maisha yake yote.

Sasa Jumapili tukaiteka meli moja kubwa tuliyokuwa tunaifukuza muda mrefu, mama kwa furaha akainuka akanipiga kofi la mgongoni, na mimi bila kufikiri nikamshika mkono, tunacheka, kugeuka tunamwona Albina amesimama na mtoto begani analia, kumbe ametuita na kutuita hatujasikia. Alituangalia tu, akarudi chumbani. Tangu hapo hasemi na mtu. Baba mkwe, mzee Kornel, anapiga simu kila siku, ulezi umekauka shambani, ndege wanaumaliza, anauliza mkewe anarudi lini, mama anajibu mtoto bado mchanga, akikata simu ananiuliza kwa sauti ya chini kama umeme upo. Jana ndipo Albina alipofungua mdomo. Alisema, "Jumamosi mimi na mtoto tunakwenda Mpui. Mama asipokwenda kumsaidia baba kuvuna, nitakwenda mimi. Ninyi bakini na meli yenu."

Bi Naima, situlii. Kazini nachomelea geti huku nawaza visiwa, juzi nimeunga bawaba upande usio wake na mwenye geti kanifokea mbele za watu, na nyumbani nikikaa nasikia kile kimya cha Albina, nikitoka nje narudi ndani, nikirudi ndani natoka tena. Kumwambia mkwe aondoke siwezi, huko ni kumfukuza, ni kujitafutia laana. Na niseme ukweli, sijui nitampata wapi nahodha mwingine kama yeye. Nimwambieje aondoke bila kuvunja heshima, na mke wangu nimzuieje?

Ignasi, Izia

JIBU LA BI NAIMA

Marahaba, Ignasi. Kwanza tafuta kigoda ukae.

Nimecheka, sikufichi, nimecheka peke yangu mpaka watu wa nyumbani wakaja kuuliza kulikoni. Halafu nikamfikiria Albina, kicheko kikaisha. Unaniambia ukwe unakuzuia kumwambia mama yake aende. Haukukuzuia kumpa padi. Haukukuzuia kumwambia asogeze meli mbele. Ila kwenye kumuaga ndipo ukwe umeamka? Acha kujificha nyuma ya heshima, mwanangu.

Na hapo kwenye kumuaga ndipo ulipoharibu. Mama aliyekuja kumhudumia mzazi hajiondokei tu asubuhi moja akabeba kikapu chake. Huagwa. Mkwe hununua kitenge, sukari na sabuni, humshukuru mbele ya binti yake, humtafutia gari, humsindikiza. Hapo ndipo mama anajua kazi yake imekwisha na imeonekana. Barua yako haina kitenge cha kumuagia wala ahsante. Unadhani huyo mama amenogewa tu na gemu, na kweli amenogewa, simtetei, lakini atatokaje? Akirudi mikono mitupu, Mpui watasema mkwe amemfukuza. Anakusubiri wewe, na wewe unamsubiri yeye, na katikati yenu kuna mwanamke anayeumia.

Usijidanganye kwamba Albina amekasirikia kofi la mgongoni. Ametoka kujifungua, mwili haujapoa, mtoto analia, anawaita watu wawili anaowategemea kuliko wote duniani, na wote wawili wamempa mgongo. Hata mimi ningetafuta gari.

Sasa fanya hivi. Leo hii chomoa mashine umpelekee Hamidi akutunzie. Usiiuze, maana anayeuza kwa hasira hurudi kununua kubwa zaidi. Jioni nenda chumbani ukamwombe Albina msamaha, na umwombe kabla hujataja kitenge, usije ukaonekana unahonga. Akikusamehe, au hata akikununia, muulize mama yake anapenda rangi gani. Atakujibu, na hapo mtakuwa mmeanza kuongea. Ijumaa kanunue. Mwenye geti karekebishie bawaba yake, umwambie utakuwa safarini.

Jumamosi usimzuie mtu. Nendeni Mpui wote. Mama umkabidhi kwa mzee Kornel kwa mikono miwili, useme ahsante kwa sauti, mbele yake na mbele ya majirani, kisha uombe kisu uingie shambani uvune ulezi nao, mpaka hiyo mikono yako ipate kutulia.

Na njiani mtoto umbebe wewe. Barua yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta. Aliyekuuzia mashine nimemjua kwa jina, anayeshika usukani nimemjua, anayepiga mizinga nimemjua. Mtoto umemtaja kwa kuzaliwa na kwa kulia tu, na mpaka naweka kalamu chini sijui anaitwa nani, wala kama mmepata wa kike au wa kiume.