Pambizo za Riwaya ya Kijani

Jumamosi, 7 Februari 2015

Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Siku ya kuanika marundo. Kila mmoja wetu hupiga picha ya vitabu alivyonavyo na hajavisoma, huituma kwenye kikundi chetu cha simu, kisha saa nne asubuhi tunapigiana, kama kila Jumamosi. Naliaka, anayesomea uzamifu huko Amherst, ana kumi na kimoja. Papa Shukuru wa Louisville, ambaye Kiswahili chake kina Kifaransa ndani, ana viwili. Mtu anashinda bohari akipanga maboksi, na bado ana viwili tu. Mimi, hapa Whitehall, pembeni mwa Columbus, nina thelathini na vinne. Nimepiga picha ya safu ya mbele peke yake, vikaonekana tisa.

Riwaya yangu ya kijani Papa Shukuru hajairudisha. Tangu Oktoba. Kanuni yetu ni wiki sita, kisha kitabu kinaingia posta. Kukopa harusi, kulipa matanga. Nimemuuliza waziwazi, Naliaka akisikia.

"Niko naisoma polepole, Mwalimu," akasema. "Iko kitabu ya kusoma polepole."

Naliaka akaingilia: "Mwalimu, please, usianze."

Naanza nini? Kitabu ni changu. Hakichapishwi tena, na katika sisi watatu hakuna mwingine aliye nacho.

Jumanne, 10 Februari

Hakuna kifurushi. Theluji hadi magotini, nimeshuka kwenye sanduku la barua na viatu vya ndani.

Wananiita Mwalimu kwa sababu nilifundisha fasihi Machakos miaka miwili kabla ya kuja kusoma huku. Sasa niko ofisi ya bima, nasoma madai ya watu waliogongwa magari. Jina la Mwalimu nimelishikilia. Kitu kingine cha kujivunia sina, na ile riwaya ndiyo iliyonipa heshima kwenye simu zetu. Inahusu mama mwenye mkahawa katika stesheni ya reli, mumewe ndiye mkuu wa stesheni, siku moja mume anapanda treni na kwenda zake. Miaka mitatu nimewaeleza wenzangu jinsi mwandishi alivyoiharibu pale mume anaporudi mwishoni.

Ijumaa, 13 Februari

Imefika. Imefungwa kwa katoni na gundi ya bohari, nusu saa kuifungua.

Amekiandika. Kitabu changu amekiandika. Penseli, pambizo zote, kushoto na kulia, juu na chini. Na si maandishi ya mtu mzima. Maherufi makubwa kama ya mtoto wa chekechea, neno moja linakula nusu ya pambizo. Amekandamiza penseli mpaka karatasi imebonyea. "MAMA ANAPIKA. ANANGOJA." "MVUA. TRENI HAIKUJA." Nani amemwomba muhtasari?

Chai imepoa sijaigusa.

Jumamosi, 14 Februari

Simu ya leo sikuingia. Nimezipitia pambizo tu. Nilitaka kuhesabu makosa yake ili nimsomee kwenye simu ijayo.

Ukurasa wa tisini na saba. Hapo makali ya karatasi yanaanza kuwa na mikwaruzo, kama yamepasuliwa kwa kisu cha kukatia maboksi. Na pambizoni: "KURASA ZILIKUWA ZINGALI ZIMESHIKANA. MWENYE KITABU HAKUFIKA HUKU."

Nimekaa chini.

Ni kweli. Niandike hapa maana hapa hapana mtu. Sijafika huko. Kitabu kilitoka kiwandani na kasoro, kurasa za nusu ya pili hazikukatwa juu. Nilikinunua Nairobi kwenye vitabu vya kutandazwa chini, nikasoma mpaka tisini na sita, nikasema nitatafuta kisu. Sikutafuta. Niliyoyasema darasani niliyatoa kwenye madokezo ya mwalimu mwenzangu. Nikayasema tena Columbus. Nimeyasema kwa Naliaka, naye ameyataja katika karatasi yake ya semina.

Kwa hiyo mzee anajua. Tangu lini? Labda tangu Novemba. Na kila Jumamosi ananiita Mwalimu kwa sauti ile ile. Namchukia.

Jumapili, 15 Februari

Sikwenda kanisani. Nimefuta.

Nilianza na tisini na saba tu. Kisha nikaona nikifuta huo peke yake pengo litaonekana. Basi yote. Vifutio vitatu. Kutoka saa tatu asubuhi mpaka jua linashuka. Kidole cha shahada kimetoka lengelenge. Meza imejaa unga wa kifutio, kitabu ni safi, ni changu tena.

Sijisikii vizuri kama nilivyotarajia. Njaa, pengine.

Jumamosi, 21 Februari

Simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, lakini yeye ndiye aliyeanza, tena kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza.

"Mwalimu, donc, nilikuwa nauliza. Ule bwana wa stesheni, anarudia ku page gani? Mi nilisoma yote, sikumuona."

Nikasikia Naliaka akiacha kuchapa.

Ningeweza kukubali hapo. Badala yake nikafoka. Nikasema yeye hana adabu ya vitabu. Nikasema anayechora vitabu vya wenzake kama ukuta wa choo hafai kuazimwa hata gazeti. Nikasema kama Papa Shukuru angejua kusoma fasihi na si kusoma maneno tu, angemwona huyo bwana. Nilisema hivyo. Kwa mtu mwenye umri wa mjomba wangu.

"Bon," akasema. "Nimesikia."

Akakata. Naliaka naye akakata bila kuniaga.

Jumapili, 22 Februari

Papa Shukuru amejitoa kwenye kikundi.

Vizuri. Rundo la viwili, aende nalo.

Jumatano, 25 Februari

Naliaka amenipigia nikiwa kazini, nikatoka hadi kwenye ngazi.

"Wewe unajua Papa ana presha ya macho?"

Sikujua.

"Kwa nini unadhani anaandika big letters? Anazisoma hizo tu sasa. Chapa ya kitabu haioni tena. Alianza hiyo riwaya akiwa bado anaona, akaona hatamaliza kabla macho hayajaisha, so akawa anajiandikia kila ukurasa una nini. Ndiyo maana ilichukua miezi minne. Ni kitabu chake cha mwisho, Mwalimu. Alikuwa anaona haya kukuambia. Alitaka kukuomba siku ile upige picha pambizo zote umtumie, halafu wewe ukaanza maneno ya choo."

Nikasema ndiyo. Nikasema nimesikia. Nikarudi kwenye kiti changu na kumaliza dai la mtu aliyegonga kulungu.

Vile vitabu viwili kwenye picha yake. Hakuwa amevipunguza kwa kusoma. Alikuwa ameacha kununua.

Alhamisi, 26 Februari

Naliaka ameandika: picha ziko wapi? Nimejibu kitabu kiko kwa mwenzangu wa kazini, nitakichukua wiki ijayo.

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeifikia mwisho nikageuka nikaanza nyingine.

Jumamosi, 28 Februari

Hakuna simu leo. Hakuna aliyepiga.

Alikandamiza penseli. Hilo ndilo nililolikumbuka asubuhi kitandani. Nimeleta taa ya meza, nikailaza ubavuni, nikainamisha ukurasa. Mibonyeo ipo. Si yote. Mahali nilipofuta kwa hasira karatasi imekwaruzika na hakuna kitu. Ninapopata neno ninalifuata kwa penseli mle mle alimopita yeye. MAMA. MVUA. Inabidi niandike makubwa, hayaingii vinginevyo.

Kurasa mia mbili na kumi zilikuwa na maandishi. Mpaka jioni nimerudisha thelathini na moja. Mia moja na ishirini hivi hazitarudi. Ya tisini na saba imebonyea wazi kuliko zote. Niliiangalia muda mrefu kabla sijaipitia. Nimeipitia.

Jumapili, 1 Machi

Nimempigia. Nilitaka asipokee. Amepokea.

Nimemwambia yote, kwa mpangilio mbaya. Kwamba nimefuta. Kwamba nilifuta kwa sababu ya ukurasa ule. Kwamba bwana wa stesheni sijui kama anarudi, sijawahi kujua. Kwamba nimerudisha kurasa thelathini na moja na nyingine zimekwenda. Nikaomba radhi kwa habari ya choo.

Akaniuliza jambo moja tu.

"Donc ulifuta yote?"

"Yote, Papa."

"Ile ilikuwa macho yangu, Mwalimu. Nilikuwa nimeyaweka mule." Hakupaza sauti. Ningependa apaze. "Mi nimekasirika na weye. Nitakasirika kesho, na kesho kutwa. Usifikiri unasema pardon, njo inaisha."

"Ndiyo, Papa."

"Bon. Weye iko na macho?"

"Ninayo."

"Basi utanisomea. Tangu page ya kwanza. Kila samedi, saa ya simu yetu. Na usinirukishe."

Akakata. Nimekaa na simu mkononi, nimeaibika kuliko siku zote nilizowahi kuaibika, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba sina hasira na mtu mwingine.

Naliaka nimemwandikia mwenyewe, pamoja na habari ya semina yake. Amejibu neno moja, la Kiingereza, silirudii hapa.

Jumamosi, 7 Machi

Jumamosi ya kwanza. Nimeshusha vitabu vyote, safu ya mbele na ya nyuma, nikavipanga sakafuni. Thelathini na vinne. Ile ya kijani nimeiweka juu kabisa, ikawa ya thelathini na tano. Nimepiga picha, nikatuma. Naliaka hakuandika kitu. Lakini saa nne alikuwa kwenye simu, nilisikia kikombe chake. Papa Shukuru amerudishwa kwenye kikundi, hakusema aliyemrudisha.

Nikaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza alinisimamisha mara mbili, nasoma mbio kama mtu anayefukuzwa. Wa nne akasema sauti ya mama nimeifanya ya kulialia, yule mama hakuwa akilia, alikuwa na kazi. Kwenye pambizo nilizorudisha nilimsomea pia alichokuwa ameandika. Hapo hakunisimamisha.

Tumefika ukurasa wa kumi na nane. Mvua imenyesha stesheni, treni imechelewa, bwana ametoka na saa yake mkononi. Nikapumua kidogo.

"Mbona unaacha?" akauliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba kurasa hizi nilizisoma zamani sana na nimezisahau, na mbele ya tisini na sita sijui kabisa kinachotokea.

"Mi najua," akasema. "Soma tu."