Utepe wa Arusi Siku ya Jumanne

Mpendwa Dada Nella, naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijavunjika kwa sababu ya kamera. Mimi ni mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na moja sasa, nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwangu, na unajua kwetu msafara wa arusi ukipita na honi na taa za dharura hakuna anayeuzuia, hata polisi hutabasamu, basi baada ya arusi ya binamu yangu Prodige sikuufungua ule utepe mweupe wa mbele ya gari, nikaona si dhambi, nikichelewa nawasha taa, napiga honi, napita kwenye taa nyekundu, watu wananipungia mkono, siku moja wanawake walinipigia vigelegele na nilikuwa peke yangu ndani. Sasa wameweka kamera kwenye njia panda, na kamera haina adabu ya arusi, imenipiga picha Jumanne saa tatu asubuhi.

Gari limeandikishwa kwa jina la mke wangu Spès, kwa hiyo barua ya wito imekuja kwake. Picha imepigwa kwa nyuma, dereva haonekani, nikamwomba aende polisi aseme ni yeye, kwa sababu yeye ni muuguzi, anaenda kazini kwa basi, leseni yake inalala kabatini, lakini mimi nikinyang'anywa yangu kazi imekwisha. Amegoma. Alishika ile picha, akaweka kidole kwa mama mmoja pembeni ya gari, anaruka, mguu juu, beseni la samaki wa ndagala linamwagika, akaniuliza, "Na huyu mama, uliangalia kama aliumia?" Nilimwambia sikugeuka nyuma, nilikuwa na mwanafunzi ananisubiri. Tangu hapo hasemi nami, na kesho kutwa ndiyo siku ya kwenda polisi. Nifundishe maneno ya kumlainisha.

Libère, Mutakura

Libère, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimemwonea huruma Spès.

Nani anaoa Jumanne saa tatu asubuhi? Umezunguka na utepe wa binamu yako mpaka mwenyewe ukaamini wewe ni bwana arusi. Unasema nusu ya madereva wa mji huu umewafundisha wewe, na mimi ninayevuka barabara zake kila siku sasa nimeelewa mambo mengi. Halafu unailaumu kamera kwa kukosa adabu! Imefanya kazi uliyopaswa kuifanya wewe, tena bila mshahara wa mwalimu.

Najua kupoteza kazi ni jambo zito, sikufanyii mzaha hapo. Lakini unamtaka mwanamke anayewafunga watu vidonda aende akaseme uongo kwamba ndiye aliyemkosakosa mtu kwa gari, ili wewe uendelee kufundisha watu kusimama. Maneno ya kumlainisha sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Alikuuliza swali moja, nawe ukamjibu habari za mwanafunzi anayekusubiri. Hata kwangu umeandika mistari yote hiyo bila kusema kama yule mama ni mzima, kwa sababu hujui.

Kwa hiyo sikiliza. Leo fungua huo utepe. Kesho kutwa nenda polisi mwenyewe, na leseni yako mkononi, useme ni wewe, hata kama itakugharimu kazi. Lakini kesho asubuhi, kabla ya polisi, liache gari nyumbani uende kwa miguu kwenye ile njia panda. Waulize wauza ndagala mpaka umpate yule mama, umwombe msamaha, umlipe samaki wake. Ukiwa bado unamtafuta, simama alipokuwa amesimama yeye, utazame magari yanavyokuja. Na ukiona mmoja wa wanafunzi wako anakuja na utepe na honi, usimpungie mkono. Ruka.