Meza Kwanza, Ndipo Uvute

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naandika kwa sababu kusema siwezi, hata darasani nikiulizwa, kwa Kiswahili au Kiingereza, najibu nikitazama dawati. Kaka yangu Ambilikile aliugua akili, akapewa vidonge, na kwa kuwa alikuwa anavitema mama akabuni njia yake, ukimeza unapata sigara, usipomeza hupati, na wa kumwashia ni mimi kwa sababu mama ni mzee wa kanisa, hashiki sigara, nazo siku hizi zimejaa kila kibanda, za hapa na za Malawi. Ikaenda hivyo mpaka kaka akawa anakohoa huku ameshika ubavu, nesi Marta wa kliniki akaniambia, “Binti, hizo sigara mzipunguze,” mimi kwa pupa nikatupa pakiti nzima chooni. Sasa hamezi kabisa. Anashinda stendi ya Ipinda, vijana wanamwambia, “Cheza kwanza, mwehu, tukupe kipisi,” naye anacheza, na ameanza tena kuongea na watu wasiokuwepo. Mama anasema nirudishe sigara leo hii, na jana nilipompelekea kidonge kaka alinitazama akasema, “Mdogo wangu, hata wewe ulikuwa unaniongoza kwa majani kama mbuzi?” Sili, situlii, naogopa atatoroka tena mpaka Matema, kule ziwani, kama alivyofanya alipoanza kuugua. Nimpe au nisimpe?

Binti wa Ipinda

Binti wa Ipinda, pole, umebebeshwa mzigo wa watu wazima. Lakini nesi alisema mpunguze, wewe ukatupa pakiti. Aliyezoea hakatwi siku moja, tena bila kuambiwa. Na mama yako msomee hapa: aliifunga dawa kwenye sigara, sigara ilipoondoka ikaondoka na dawa.

Kuanzia leo kidonge kiende na chakula, sigara isitajwe. Akiomba moja apewe, ila isiwe malipo ya kumeza. Kesho mwende kliniki wote watatu, mumweleze Marta kila kitu, hata dozi alizoruka, na msimrundikie za nyuma. Moshi wa sigara huifanya dawa iishe upesi mwilini, kwa hiyo akianza kuipunguza, dozi ileile inaweza kumlemea, akasinzia sana au akakakamaa. Mkiona hivyo mrudi kwa nesi, msipunguze wenyewe. Hao vijana wa stendi wana wazazi, na mama yako, mzee wa kanisa, hakosi kuwajua. Awaendee.

Barua yako nimeirudia nikitafuta jambo moja, sikuliona. Mama kaamua, nesi kasema, wewe umetupa. Ambilikile mwenyewe, nani amemuuliza kama anataka kuacha? Nenda ukakae naye, usishike kidonge wala kiberiti, umuulize. Kisha unyamaze mpaka ajibu. Kunyamaza unakuweza.